Karata za Mkutubi

Mara ya kwanza kumwona alikuwa akicheza karata na kiti. Nilikuwa na siku tatu tu tangu nihamie chumba changu cha kupanga kule Kibaha, nyuma ya hospitali ya Tumbi, na dirisha langu lilitazamana na sebule yake. Mwanamke mzee, mrefu, miwani imefungwa uzi shingoni, aliketi mezani, akaweka karata moja, akainuka, akazunguka meza, akaketi kiti cha upande wa pili, akawaza sana, akaweka karata nyingine, kisha akainuka tena. Aliendelea hivyo alasiri nzima. Mwenye nyumba wangu aliniambia nisijali, yule ni Mkutubi, amestaafu, hana neno na mtu, ila watu wanasema ana wageni wasioonekana. Mimi kazi yangu ilikuwa kwenye mizani ya malori, nimezoea kupima kinachoonekana, nikajisemea kwamba huyu hana mgeni yeyote, huyu hana mtu. Nilijuaje? Jioni hiyo mimi mwenyewe nilikuwa nimekula wali nikijibizana na mtangazaji wa redio.

Jina lake nalijua, lakini pale mtaani hakuna aliyelitumia, nami sitaanza leo. Kwa wakubwa alikuwa Mkutubi, kwa watoto alikuwa Bibi Maktaba, ingawa maktaba yenyewe alikwisha kuiacha miaka saba nyuma.

Ni redio hiyo hiyo iliyotukutanisha. Alivuka ua akasimama mlangoni kwangu, hakubisha hodi, akanitazama kama mtu anayetafuta ukurasa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila haraka, kisha akaniuliza mimi ni mtu wa wapi. Nikasema Tabora. Akavua miwani.

"Mnyamwezi?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi zima huo ujinga wako unawe mikono uje, mpagazi wewe. Miaka yote hii kiti kimekaa kitupu."

Kwa asiyejua, yeye alikuwa Mzaramo, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu waliposhuka pwani na mizigo kichwani wakikatiza mashamba ya babu zao. Mtani ana ruhusa ya kukusema mbele za watu, kumkamata kuku wako bila kuomba, na kutamka kwenye msiba wako yale ambayo ndugu zako wanayaonea haya. Hushika jembe kaburi lichimbwe, huku akimcheka marehemu. Sharti ni moja tu, kukasirika hakuna. Wazee wetu walisema anayemkasirikia mtani amechana kitu ambacho hakishoniki. Nilikuwa nimeyasikia hayo utotoni kama mtu anavyosikia habari za mvua ya mwaka fulani. Kibaha, kwa yule mama, ndiko nilikojua kwamba kuna watu wanaoishi kwa sheria hiyo.

Kunawa mikono hakukuwa mzaha. Kulikuwa na ndoo, sabuni ya mche na taulo dogo, na alisimama akihesabu. Nikitoka kazini na grisi kwenye kucha alinirudisha mara mbili. Karanga zilikaa chumba kingine. Chai ilinywewa baada ya mchezo, kwenye stuli, mbali na meza. Alikuwa ameishi maisha yake yote akilinda karatasi dhidi ya vidole vya watu, na sidhani kama alikuwa na imani na kidole chochote, hata chake. Wanafunzi wake wa zamani, ambao sasa wana vitambi na vyeo, walikutana naye njiani wakaficha mikono nyuma bila kujijua. Mmoja aliniambia aliwahi kufungiwa maktaba muhula mzima kwa kukunja pembe ya ukurasa. Ukurasa wenyewe ulikuwa wa mambo ya minyoo.

Hakuweza kukupa kitu bila karatasi. Niliazima kwake bakuli la bati, likaja na kipande cha karatasi kilichokatwa kwa rula: bakuli moja, jina la mwazimaji, tarehe ya kurudisha. Nikachelewa siku mbili, akaja kusimama mlangoni kwangu mpaka nikalitoa. Siku ya pili akaniazima tena lile lile, na karatasi mpya. Nilianza kuelewa kwamba lile bakuli lilikuwa namna yake ya kuhakikisha nitarudi.

Kasha la karata lilikuja na shehena ya vitabu vya msaada kutoka ng'ambo, chuoni alikokuwa akifanya kazi. Katikati ya vitabu vya kemia na vya mapishi ya nchi zenye theluji kulikuwa na mchezo wa koo za zamani za Uskoti, jinsi zinavyogombania mabonde na kuibiana ng'ombe. Halikuwa kitabu, lakini lilikuwa limeingia maktaba, na kwa Mkutubi kilichoingia maktaba sharti kiwe na namba. Akaliandikia namba. Akapiga muhuri kwenye kasha, kwenye kijitabu cha sheria, na kwenye karata zote moja moja, pembeni mwa mgongo. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuliazima. Alipostaafu liliondolewa kwenye orodha pamoja na atlasi zenye nchi zilizokwisha kubadili majina, akaruhusiwa kuondoka nalo.

Karata zilikuwa sitini na kidogo. Kila ukoo ulikuwa na kitambaa chake cha miraba, na wanaume wote walivaa sketi, jambo ambalo alihakikisha nalisikia kila siku. Majina ya koo hizo yalikuwa na herufi nyingi kuliko pumzi, kwa hiyo alizibatiza upya. Wenye kitambaa cha kijani walikuwa wake, akawaita Marui, kwa jina la kwao huko Kisarawe. Wekundu walikuwa Kurui. Wa bluu, ambao kila siku alinipa mimi, aliwaita Wapagazi.

"Angalia walivyo na miguu," alisema. "Hawa wametembea kutoka Tabora."

Mchezo hauna ugumu wa kueleza, ugumu uko kwenye kuucheza. Mabonde matano yanapangwa katikati ya meza. Kila mmoja anashika karata saba za ukoo wake, na kwa zamu unalaza moja kifudifudi kando ya bonde unalolitaka. Zikitimia tatu kwa tatu, zinafunuliwa, na mwenye nguvu zaidi anachukua bonde. Kuna askari, kuna mpiga zumari anayewatia moyo askari, kuna mwizi wa ng'ombe ambaye hana nguvu yoyote ila anaondoka na mnyonge au shujaa wa mwenzake. Na kuna wakuu wanne kwa kila ukoo. Mmoja wa wakuu wa kijani alikuwa mwanamke mzee mwenye funguo kiunoni. Mkutubi hakuwahi kusema kwamba huyo ndiye yeye, lakini alimshika tofauti.

Mkuu anaposhindwa bonde, au akinaswa na mwizi, anaanguka. Hapo ndipo sheria yake ilipoanza, nami kwa muda mrefu nilidhani ni sheria ya Waskoti. Mkuu aliyeanguka hatoki mezani. Analala pale pale bondeni uso wazi, na mwisho wa mchezo kila mkuu aliyelala wazi anakupunguzia bonde moja. Huwezi kumzika wa kwako. Anayeweza kumzika ni adui yako tu, akiwa bado na karata zake, na ili amzike lazima ataje mabaya yake matatu, amcheke, kisha amgeuze kwa mkono wake mwenyewe. Akimzika wako, wewe unamzika wake. Atakayekasirika kwa kilichosemwa anapoteza zamu tatu.

Jumamosi ya wiki ya nne nilimshinda. Mabonde manne kwa moja. Nilimwibia, nikamzingira, nikamwondolea askari wote, mpaka akabaki hana karata mkononi wala mezani. Niliegemea kiti nikajiona mtu. Yeye alisafisha miwani yake polepole na upindo wa khanga.

"Hesabu tena, mtani."

"Manne, bibi."

"Na hao wanne waliolala wazi?"

Wakuu wangu wote wanne walikuwa wameanguka nikivuta ushindi, nami sikuwajali, kwa sababu nilikuwa nashinda.

"Wazike," akasema.

"Siwezi. Ni wewe unayezika."

"Mimi nimekwisha. Umenimaliza wote. Sina mkono." Akaikunjua mikono yake mitupu juu ya meza. "Manne toa manne. Umebaki na nini? Mtu hammalizi mtani wake, Mnyamwezi. Ukimmaliza, nani atakuzika?"

Nilicheka kwa sababu ilikuwa zamu ya kucheka. Lakini nilipolala niliwaza kwamba nilikuwa na mwezi mzima Kibaha, na nikifa pale chumbani, wa kwanza kujua angekuwa mwenye nyumba, tarehe ya kodi. Mke wangu alikuwa Tabora na shule yake na watoto, tulipigiana simu kila Jumapili tukaulizana hali mpaka maneno yakaisha. Nilikuwa mpweke, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa kuzunguka. Jumanne iliyofuata nilinawa mikono bila kuambiwa.

Alikuwa na misemo yake. Mtoto akimwambia kitabu kimepotea, alijibu kwamba kitabu hakina miguu. Mtu akisimulia habari ndefu ya jirani, aliuliza, "Hilo umelisoma wapi?" Mimi nikikimbilia kuweka karata alinigonga kidole akasema soma mpaka mwisho ndiyo ucheke. Alisema pia kwamba kimya ni chakula chake, na hilo ndilo lililokuwa uongo. Nikichelewa kutoka zamu ya kazini, nikiingia uani saa kumi na moja badala ya saa kumi, nilimkuta anafagia mlangoni kwake mahali ambapo tayari palikuwa pamefagiwa. Hakuuliza nilikuwa wapi. Aliinua tu ufagio akaingia ndani, na maji ya kunawa yalikuwa yamekwisha kupoa.

Kwa jinsi alivyokuwa mkali wa haki, usingedhani ni mjanja. Kulikuwa na karata moja ambayo muhuri wake uligongwa kichwa chini, na nilipogundua kwamba ni yule mwizi wa ng'ombe wa kijani, nilifurahi kimoyomoyo kwa miezi miwili. Kila alipomlaza, mimi niliwahamisha wakuu wangu bonde lingine. Nilianza kushinda. Siku moja nikauona muhuri umegeuka, nikahama, karata zikafunuliwa, na pale palipotakiwa pawe na mwizi akaketi mama mwenye funguo, amechukua bonde lililoachwa tupu. Mihuri iliyogeuka ilikuwa miwili tangu mwanzo. Kwa miezi miwili alimwachia mwizi tu atoke, yule mama akamficha mkononi. Nilimwambia amenila, akasema mwizi hushitaki kwa nani?

Niliwahi kumuuliza, enzi zile anacheza na kiti, nani alikuwa akishinda zaidi.

"Kiti cha pili," alisema.

"Kwa nini?"

"Yule nilimchezea kwa bidii kuliko ninavyojichezea."

Sikuuliza yule ni nani. Kiti cha pili ndicho nilichokikalia, na kikalio chake kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mnene, mshono wa mkono uliopangika vizuri sana, si mshono wa fundi viti. Niliukalia miaka minne bila kuuangalia.

Sasa habari ya ukurasa. Kijitabu cha sheria kilikuwa na kurasa kumi na nne, lakini karatasi yenye ukurasa wa kumi na moja na wa kumi na mbili haikuwepo. Alisema ni mchwa. Nami nilimwamini, maana mchwa wa Kibaha wamekula milango. Mwaka wa nne, siku moja kazini malori yamepungua, nililiandika jina la ule mchezo kwenye simu, nikakuta mtu wa huko mbali amepiga picha kijitabu kizima. Nikaufungua ukurasa wa kumi na moja. Kiingereza changu ni cha kupapasa, lakini hicho kilikuwa chepesi. Mkuu akianguka anatupwa pembeni pamoja na karata zilizotumika. Atakayewamaliza wapinzani wote ameshinda hapo hapo, mchezo umekwisha. Kuzika hakumo, wala kucheka, wala mtani.

Hapa nilifanya kosa ambalo Mnyamwezi mwenye akili asingelifanya. Nilidhani nimempatia zawadi. Mtu wa vitabu, nikawaza, atafurahi kitabu chake kikitimia. Nikaenda steshenari pale stendi, wakanichapia, nikawaambia wakate kwa kipimo cha kijitabu. Jumamosi nikanawa mikono, nikaiweka mezani mbele yake.

Aliisoma kwa kioo cha kukuzia, maana macho yake yalikuwa yameanza kumsumbua. Aliisoma mpaka mwisho. Hakucheka. Kisha akaikunja. Nilishtuka kuliko kama angenizaba kibao, mwanamke yule kukunja karatasi, mara mbili, mara nne, akaiweka chini ya chupa ya chai.

"Huu ukurasa naujua," akasema. "Leo nimechoka, mtani."

Niliporudi chumbani nilikumbuka kitu ambacho nilikuwa nimekiona mara nyingi bila kukitazama. Pale karatasi ilipotoka kwenye kijitabu, ukingo wake ulikuwa umenyooka. Mchwa hawatumii rula.

Kwa wiki tatu mlango wake ulifungwa saa kumi. Nilipita nikamwamkia, akaitika, basi. Niliogopa kwamba amenikasirikia, na kwa utani wetu hilo lilikuwa jambo zito kuliko tusi. Wiki ya nne nilikuwa zamu ya mchana mfululizo. Niliporudi siku moja nikakuta nyumba yake ina kufuli, na sebule haina meza. Mwenye nyumba wangu alisema mpwa wake alikuja na gari dogo la mizigo kumchukua, macho yamekuwa mabaya, ni presha ya macho, hawezi tena kuishi peke yake, amerudi kwao Marui. Chini ya mlango wangu kulikuwa na kipande cha karatasi kilichokatwa kwa rula. Kilisema: bakuli moja la bati, lirudishwe Marui. Mahali pa tarehe palikuwa patupu.

Nilikaa nalo miezi mitano. Visingizio havikosekani kwa mtu anayevitafuta, mara zamu, mara mvua imeharibu njia. Ukweli ni kwamba niliona haya. Kisha nikaletewa barua ya uhamisho, niende kwenye mizani ya mpaka wa magharibi, safari ya siku mbili kutoka Kibaha. Nikaosha bakuli, nikapanda gari la Maneromango, na mwisho wa gari nikachukua bodaboda.

Nilimkuta barazani kwa mpwa wake, nyuma kuna mihogo na minazi, mbele kuna ile ile meza na vile vile viti viwili. Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa wazi lakini yalitazama pembeni yangu kidogo. Nikamwamkia.

"Marahaba. Umechelewesha bakuli," alisema. "Nawa mikono."

Mke wa mpwa wake aliniletea maji akanong'ona kwamba mama hajamwita mtu mezani tangu aje, hata wajukuu hawaruhusiwi kuligusa lile kasha. Nikanawa. Nilipoketi nilimwambia habari ya uhamisho kabla hatujaanza, nikataja na mahali. Akahesabu kitu kwa vidole.

"Siku mbili," akasema.

"Siku mbili, bibi."

"Gawa karata. Zangu utanisomea sikioni. Na usinionee huruma."

Tukacheza hivyo, mimi nikijua za kwake na za kwangu, nikijaribu kuwa watu wawili wasiojuana. Ndipo nilipofahamu alivyohangaika miaka yote saba na kile kiti. Mara moja nilimwonea huruma. Aliniuliza bonde la nne ana nani, nami nikamtajia askari mkubwa badala ya mpiga zumari. "Huyo alikufa bonde la pili," akasema bila kuinua uso. Alikuwa na karata zote kichwani, kama alivyokuwa na vitabu vyote. Nikaomba radhi, akaniambia watani hawaombani radhi.

Kisha, mikono yake ikiwa imetulia juu ya meza, alinisimulia habari ya yule wa kiti cha pili. Alikuwa mjalidi wa maktaba, mtu wa Tabora kama mimi, aliyeshona vitabu vilivyochanika. Ndiye aliyecheza naye kwanza, wakifuata kijitabu neno kwa neno, kila Ijumaa baada ya kufunga. Walitaniana miaka kumi na miwili. Siku moja alimtania kwamba hana mume wala mtoto, nani atakuja kumzika, vitabu?

"Yalikuwa maneno ya utani," alisema. "Alishayasema mabaya kuliko hayo. Lakini siku hiyo yaliniingia, nikamkasirikia. Nilimkasirikia kweli. Tukacheza, sikumsemesha, nikammaliza wote kama kitabu kinavyosema, hakubaki hata mmoja. Nikamwambia mchezo umekwisha, nenda. Akaenda likizo kwao. Akaugua huko. Simu ilipigwa ofisini, wamekwisha kumzika siku nne. Hapakuwa na Mzaramo hata mmoja pale kaburini wa kumcheka."

Nilimuuliza kama ndipo alipoukata ukurasa.

"Kwa rula na wembe," alisema. "Angekuwepo angeushona."

Mabonde yote matano yalikuwa yamekwisha kufunuliwa. Kwake alikuwa ameanguka mmoja, mama mwenye funguo, bonde la tatu. Kwangu alikuwa ameanguka mmoja, yule mwenye ndevu nyekundu, kando yake kabisa. Nilidhani tutazikiana kama kawaida tuhesabu. Aliinama mbele.

"Nyie mnaweka maiti wiki nzima mkisubiri ndugu. Sisi hatuweki. Nikifa asubuhi, alasiri niko chini. Wewe uko siku mbili huko. Utakuta udongo umekauka, na hakuna mtani hapa aliyenijua." Alipapasa meza mpaka akaipata ile karata, akaisukuma upande wangu. "Nizike leo, nisikie."

Nilisema siwezi. Akasema hiyo siyo zamu yangu ya kukataa. Mke wa mpwa alikuwa amesimama mlangoni na bakuli langu, yaani lake, hajui kama aingie.

Nikaanza. Nikasema huyu mama alimfungia mtoto wa watu maktaba muhula mzima kwa kukunja ukurasa wa minyoo, naye amechana ukurasa mzima kwa wembe. Akatikisa kichwa, akakubali. Nikasema huyu mama alimla mtani wake miezi miwili kwa muhuri wa kichwa chini, na akaitwa mtu wa haki na mkoa mzima. Akatabasamu. Sauti yangu ilikuwa imeanza kuharibika, naye akaniambia machozi ni faini, endelea. La tatu nililijua, na sikutaka kulisema. Nilimtazama yale macho yasiyoniona nikasema.

"Huyu mama alimkasirikia mtani wake."

Nikadhani nimevuka mpaka. Kisha akacheka. Alianza kidogo, puani, halafu akacheka kwa mwili wote, mkono kifuani, miwani ikianguka kwenye uzi wake, kicheko ambacho miaka minne ya Kibaha sikuwahi kukisikia, mpaka mke wa mpwa naye akacheka bila kujua anacheka nini, na mimi nikacheka nikiwa nalia. Nikaishika karata ya mama mwenye funguo, nikaigeuza. Muhuri ukaja juu, kichwa chini.

"Haya," nikasema nikijifuta. "Na wangu."

Alipapasa tena meza, akampata mwenye ndevu nyekundu, akamgusa uso kwa kidole kilichonawa. Nikamngoja aanze kunisema. Aliondoa mkono.

"Huyo mwache wazi," alisema.

"Bibi, sheria inasema ukizikiwa nawe uzike."

"Sheria nimewahi kuichana moja, hii itanishinda?" Akaegemea kiti. "Akilala wazi, mwenyewe hajamaliza. Atarudi kumfuata."

Nikamwachia bakuli, akaniandikia karatasi kwa kupapasa, mistari ikapishana, kwamba limerudishwa. Tarehe aliiweka. Nikaenda magharibi.

Huko niliko malori ni mengi na watu ni wachache. Jumapili nikishampigia mke wangu, huwa napiga Marui. Mkutubi hapendi simu, anasema haina ukurasa, kwa hiyo nazungumza na mke wa mpwa wake, naye ananipa salamu za mihogo na za macho, ambayo hayajapona wala hayatapona. Wiki iliyopita nilimuuliza kama bado wanakula wote pale barazani. Akasema wanakula mkekani siku hizi, mama amekataza meza isiguswe, anasema mezani nimelala mimi, Mnyamwezi, uso wazi.